Mwalimu Shii na Mlango wa Makomeo Mawili

Asubuhi, umande bado haujakauka kwenye bati, mwanamke wa makamo amepiga magoti nje ya mlango wa darasa lake mwenyewe na anabisha hodi. Ufunguo anao, umening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Kufuli amelifungua mwenyewe mapema, na angeweza kuingia kabla ya watoto. Lakini hodi ni hodi, na wenye nyumba wamo ndani.

Huko ndani kuna mzozo. Zamu ya kufungua ni ya nani? Mmoja anadai jana alikuwa anaumwa, kwa hiyo zamu yake ya jana ihamie leo. Mwingine anashikilia kwamba zamu haihami. Mwalimu anasikiliza huku akibana midomo asicheke, wala hasaidii kuamua. Mwishowe chuma kinakwaruzana na chuma, mlango unafunguka, na mwenyeji wa leo, kamasi zimemfika mdomoni, anamkaribisha kwa heshima zote.

"Karibu, mwalimu. Vua viatu."

Anavua.

Ukiutazama vizuri mlango huu utaona una makomeo mawili. La juu liko usawa wa kifua cha mtu mzima, kama komeo la mlango wowote, na siku hizi hufungwa jioni tu, kwa kufuli. La chini liko karibu na goti. Mgeni akiliona hudhani fundi alikosea vipimo, au siku hiyo alikuwa ameonja kitu. Mimi pia nilidhani hivyo, nikanyamaza kwa adabu.

Kumbe komeo hilo lina kisa, na kisa chenyewe kinaanzia kwenye jina la mwalimu.

Shii si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa. Kwa miaka mingi chekechea hii ilisifika kwa jambo moja tu, ukimya. Watoto walikaa kwenye mkeka, kidole kimoja mdomoni, mkono wa pili umefichwa kwapani, na yeyote aliyethubutu kufungua kinywa alisikia ile "shiii" ndefu iliyopita madirishani mpaka barabarani. Muuza maziwa aliwahi kugeuza baiskeli akidhani ni likizo. Wazazi wenye watoto watundu waliambiwa wawapeleke kwa Mwalimu Shii, watanyooka.

Na madaftari yalijaa. Mistari na mistari ya herufi, imepigwa vema kwa wino mwekundu. Jioni mzazi alifunua daftari, akaona kazi, akalala usingizi mwema.

"Watu walinisifu kwamba darasa langu limetulia kama makaburini," anasema, akikunja kanga aliyoweka mapajani. "Makaburini, jamani. Na mimi naitikia ahsante."

Alipopata habari za mafunzo ya walimu wa chekechea, yaliyofanyika wakati wa likizo kwenye ukumbi ulio juu ya duka la rangi, alikwenda kwa sababu moja. Alitaka cheti. Alikuwa ameshakichagulia mahali ukutani, juu ya ubao, ambapo mzazi akiingia tu kinampiga usoni. Kuhusu kufundishwa, alijiona hana haja. Afundishwe nini mtu ambaye darasa lake halina hata mtoto wa kukohoa?

Mkufunzi alikuwa mama mtu mzima, mnene, aliyestaafu ualimu. Wanafunzi wake walimwita Bi Magoti, kwa kuwa hakuwa tayari kusema na mtoto akiwa amesimama. Lazima apige magoti, macho yakutane na macho, ingawa magoti yenyewe yalimuuma na kila akiinuka aliita majina ya mababu zake wote. Alitembea na kimto kidogo cha kupigia magoti, kimeshonwa kwa vitambaa vya viraka.

Siku ya kwanza Bi Magoti hakuandika kitu ubaoni. Aliwakalisha walimu wote sakafuni, kidole mdomoni, mkono kwapani, akawaambia wakae hivyo kama wanavyowakalisha watoto wao. Yeye akachukua kiti, akaanza kunywa chai yake taratibu.

Haikupita muda, watu wazima wenye wajukuu wakaanza kufinyana. Mmoja akasinzia. Chai ya Bi Magoti ilipokwisha, akauliza wamejifunza nini. Mwalimu mmoja akasema amejifunza kwamba jirani yake ana tundu kwenye soksi. Ukumbi mzima ulicheka, na Mwalimu Shii alicheka pia, lakini kicheko chake, anasema, kilikwama katikati. Mwenye tundu kwenye soksi alikuwa yeye. Na katika muda wote ule hata yeye hakuwa amejifunza kingine.

Siku iliyofuata zikaletwa beseni za maji, vikombe na chupa tupu. Wakaambiwa wacheze. Mwalimu Shii alijishika kiuno. Kisha akachukua kikombe, ili tu asionekane mwenye maringo. Ndipo ubishi ukazuka kati yake na yule mwenzake aliyeliona tundu la soksi: chupa nyembamba ndefu na chupa fupi nene, ipi inabeba maji mengi? Yeye alishika ndefu. Alibisha, akaapa, akaweka rehani kalamu yake nzuri. Wakapima.

"Nikashindwa," anasema. "Mtu mzima, mwalimu, nimebishana na maji na maji yakanishinda. Lakini lile jambo sikulisahau tena. Nikajiuliza, mbona watoto wangu sijawahi kuwapa nafasi ya kushindwa na maji?"

Alirudi darasani mtu mwingine, na kwa pupa ya mtu mwingine. Madaftari aliyafungia kabatini. Akaleta beseni, udongo wa kufinyanga, vifuniko vya chupa, na gunia la vipande vya mbao alivyopewa bure na seremala wa jirani. Akawaambia watoto wacheze. Watoto wakamtazama, vidole midomoni. Walidhani ni mtego.

Ilichukua muda kuwaondoa kwenye ule ukimya. Walipotoka, walitoka wote kwa pamoja. Kelele zilisikika mpaka sokoni. Watoto walirudi nyumbani wameloa, wana udongo puani, na daftari hakuna. Mama akiuliza leo umesoma nini, anajibiwa, maji.

Hapo ndipo mtaa ulipochemka. Ikasemwa Mwalimu Shii amechoka kazi. Ikasemwa huko kwenye mafunzo amelishwa kitu. Wazazi wakaanza kuhamisha watoto, mmoja leo, mwingine kesho, mpaka upande mmoja wa mkeka ukabaki mtupu. Mshahara wake unatokana na ada, kwa hiyo mkeka ukipungua na chungu kinapungua. Mwezi ule dada yake mdogo, anayeishi naye na kumsaidia darasani, ndiye aliyehangaika mpaka wote wawili wakala.

Mwenyekiti wa kamati ya wazazi wakati huo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mrefu, mkavu, mwenye futi ya chuma mfukoni hata akienda msibani. Mtaani anaitwa Rula. Binti yake wa pekee alikuwa kwenye mkeka ule, na watoto wengine wote walipokuwa wameanza kupayuka, yeye peke yake alikuwa bado hajasema neno. Rula alikuwa amempeleka kwa Mwalimu Shii kwa ajili ya madaftari. Mtoto hasemi, basi angalau aandike.

Rula alifika jioni moja, akasimama mlangoni, akakataa kiti. Mwalimu anayakumbuka maneno yake mpaka leo.

"Mwalimu, mimi sikulipa ada mtoto acheze. Kucheza kwetu kupo. Muhula huu ukiisha, ama madaftari yarudi ama ufunguo urudi."

Haikuwa mikwara. Chumba kilijengwa kwa michango ya wazazi, na kamati ndiyo yenye kauli. Mwalimu Shii hakuwa na kazi nyingine, wala umri wa kwenda kuanza moja ugenini. Njia rahisi ilikuwa afungue kabati, ayatoe madaftari, na maisha yaendelee. Anakiri alilishika lile kabati. Hata alilifungua.

"Nikayaona yamejipanga mle ndani," anasema. "Nikafunga tena. Nilishaona watoto wanavyocheka. Ukishaona, umeona."

Akampigia simu Bi Magoti, akalia kwanza, kisha akaeleza. Alisema amewaeleza wazazi kila alichofundishwa, mikutanoni, njiani, hata kwenye foleni ya maji, lakini wameziba masikio. Bi Magoti alimwacha amalize.

"Wewe ulielewa kwa kuambiwa au kwa kufanya?"

"Kwa kufanya."

"Basi wao unawaambia kwa nini?"

Jumamosi iliyofuata Bi Magoti alishuka kwenye basi na kimto chake kwapani. Hakutaka nauli wala ahsante. Wazazi waliitwa waje na watoto wao, na wengi walikuja kwa kuwa walidhani ni kikao cha kumwondoa mwalimu, kitu ambacho hakuna anayetaka kusimuliwa. Walikuta viti vile vidogo vya watoto vimepangwa ukutani. Wakaketi, magoti yakagota kwenye videvu. Rula alikaa kama panzi.

Bi Magoti akasema machache. Kila mzazi ashuke mkekani na mtoto wake, wachukue vipande vya mbao au udongo, wajenge pamoja kitu chochote. Basi. Kisha akapiga magoti kwenye kona yake, akatulia.

Kilichotokea hapo Mwalimu Shii hukisimulia kwa sauti ya chini, kana kwamba wahusika bado wamo chumbani. Wazazi walijenga. Walijenga kwelikweli. Mama mmoja alifinyanga chungu, mtoto akanyoosha mkono, mama akausogeza kwa upole ili asiharibu mdomo wa chungu. Mwingine alimpokonya mwanawe kipande cha mbao kwa sababu alikishika vibaya. Na Rula, ndugu msomaji, alitoa futi. Alipima vipande, akavipanga kwa ukubwa, akasimamisha nyumba yenye kuta nne zilizonyooka, nafasi ya mlango na nafasi za madirisha. Kila binti yake alipogusa, alimwambia kwa mapenzi kabisa, subiri mama, itaanguka.

Chumba kikawa kimya. Wazazi wameinama, wanatoka jasho. Na watoto, mmoja baada ya mwingine, walirudi nyuma kidogo, wakakaa walivyozoeshwa zamani. Kidole mdomoni, mkono kwapani.

Mwalimu Shii anasema alipoliona hilo machozi yalimtoka, maana lile kosa alilijua. Lilikuwa lake. Alitaka kusema, lakini Bi Magoti alimkazia macho kule kwenye kona, asithubutu.

Ndipo ikasikika sauti ambayo darasa lile halikuwa limewahi kuisikia. Ilikuwa ya binti wa Rula. Hakulalamika, hakulia. Aliuliza tu, kama mtu anayeulizia zamu yake kisimani.

"Baba, ukimaliza, na mimi nitacheza?"

Mikono ilisimama chumba kizima.

Nilimuuliza Rula mwenyewe alijisikiaje. Nilimkuta kwenye karakana yake, kofia ya kuchomelea imepandishwa kichwani. Alisema kuna maneno ukiambiwa na mwenzio mkubwa mnaweza mkagombana, lakini ukiambiwa na mtoto huna pa kushika.

"Nilikuwa nacheza mimi," alisema. "Mtoto wangu kaja na baba yake kucheza, baba ndiye anayecheza."

Siku ile hakujitetea. Alirudisha futi mfukoni, akamuuliza binti yake yeye amsaidie nini. Binti hakupoteza muda. Kitu cha kwanza aliivunja ile nyumba yote, kwa mikono miwili, kwa furaha ambayo mwalimu anasema ilikuwa inatisha kidogo. Kisha akaanza kujenga kitu kimelala upande, hakina kichwa wala miguu, huku akimwelekeza baba yake ashike hapa, aachie hapa, asisogee. Alisema bila kupumua. Lilikuwa daraja, akaeleza, na lilikuwa limepinda kwa sababu mto wenyewe umepinda. Rula alishika pale alipoambiwa mpaka vidole vikamfa ganzi. Walipomaliza alitoka nje, akanawa uso bombani.

Kikao cha kamati kilifanyika palepale, kwenye vile viti vya magoti kidevuni. Hakikuchukua muda. Mwenyekiti alisimama akasema ufunguo ubaki ulipo. Mama wa chungu akauliza kama Jumamosi nyingine yapo tena mafunzo kama haya, kwani mumewe hakuja na yeye ndiye hasa anayeyahitaji. Watu wakacheka, na Mwalimu Shii anasema kicheko kile ndicho kilichomrudishia pumzi.

Tangu hapo mafunzo ya wazazi hayajakatika. Kila mwezi Jumamosi moja ni yao, na mume wa mama wa chungu sasa ndiye anayefika wa kwanza kutandika mikeka. Waliohamisha watoto wamewarudisha, wengine kwa aibu, wakipitia mlango wa uani. Mwalimu aliwapokea wote, wala hakuuliza walikuwa wapi.

Komeo? Lilikuja wiki hiyohiyo. Rula alipita kumchukua binti yake akamwona kupitia dirishani amesimama nyuma ya mlango, anangoja mtu mrefu amfungulie atoke uani kwenye choo. Fundi aliutazama ule mlango, ambao aliutengeneza yeye, akaona kwa mara ya kwanza kwamba aliutengenezea watu wasiokaa humo. Geti la nje lina kufuli na uani kuna macho ya mtu mzima muda wote, kwa hiyo hatari haikuwepo. Alirudi na vifaa. Lakini safari hii kabla ya kupima alimuuliza binti yake alitaka komeo likae wapi, akachora kwa chaki pale kidole kilipoangukia.

"Yule ndiye aliyetaka kuninyang'anya ufunguo," anasema Mwalimu Shii, akicheka. "Yeye huyohuyo ndiye aliyewafungulia watoto wangu mlango. Kila asubuhi nikipiga hodi namshukuru Mungu kwa ajili yake. Angeondoka kimyakimya na mtoto wake kama wenzake, mimi leo ningekuwa wapi? Lakini alikuja kunisema usoni. Adui wa hivyo ni wa kuombewa maisha marefu."

Cheti alikipata, ndiyo. Nilikitafuta ukutani nisikione. Kimo kabatini, juu ya yale madaftari ya zamani, kwa sababu ukuta umechukuliwa na michoro ya watoto, nayo imebandikwa chini, usawa wa macho ya wenyewe. Ukitaka kuitazama inama.

Bi Magoti sasa hawezi tena kupanda basi. Mwaka huu alimtumia Mwalimu Shii kile kimto cha viraka, bila maneno, kimefungwa kwenye gazeti. Mwalimu alikaa nacho mapajani mchana mzima. Amekwishaanza kuitwa kwenye chekechea za mitaa mingine awafundishe walimu wenzake, na huko nako huanza kwa kuwakalisha sakafuni, kidole mdomoni, yeye akinywa chai. Anasema chai hiyo haijawahi kumshuka vizuri, maana kila mara anajiona yeye kwenye zile sura.

Tumaini lake kubwa limesimama ubavuni mwa darasa. Ni chumba cha pili, cha watoto ambao ndio kwanza wanajifunza kutembea. Kuta zimepanda, bati limeshawekwa, na Jumamosi niliyokuwepo mlango ulikuwa umeletwa, bado unanuka rangi.

Rula alikuwa na chaki mkononi. Binti yake, ambaye sasa yuko shule ya msingi na ana pengo la meno mawili ya mbele, alikuwa amekuja kusimamia kazi. Baba akapeleka chaki usawa wa lile komeo la zamani, kisha akajizuia mwenyewe.

"Mama, hebu njoo. Hili likae wapi?"

Mtoto aliutazama mlango, akamtazama baba yake kwa huruma.

"Usinipime mimi. Mimi nimeshakuwa mkubwa."

Akaingia darasani, akatoka amemshika mkono mtoto mdogo kuliko wote, aliyekuwa akitembea kwa kuyumba na kipande cha mbao mdomoni. Akamsimamisha mbele ya mlango mpya. Akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana, akamwomba ainue mkono. Mkono ukainuka, ukagusa rangi mbichi, ukaacha alama.

"Hapa, baba," alisema. "Lakini muulize mwenyewe kwanza."

Mwalimu Shii aligeuka upande, akajifanya anaokota msumari. Fundi aliweka chaki chini, akavuta suruali kwenye mapaja, akapiga magoti kwenye kokoto, na akamuuliza.